Kibali cha bwawa la shambani Kenya: tafuta mhandisi kabla ya kugusa fomu

Silanga letu, yaani bwawa la shambani, marehemu baba alilichimba mwaka 1994 kwa tingatinga la kukodi, bila karatasi yoyote. Maji yalikuwa ya ng'ombe na ya kunyunyizia kabeji. Miaka mitatu iliyopita vijana wa kanisa walianza kuja Jumamosi kuvua, kisha familia kutoka mjini zikaomba kulipa kiingilio zikae kivulini na kupiga kasia. Nikaamua kuinua tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia maji, kwa mita moja na kuliweka bwawa lote chini ya sheria. Nilidhani ni kazi ya miezi mitatu. Ilichukua kumi na mmoja, na mitano kati ya hiyo ilipotea kwa kosa moja ambalo mwenzangu unaweza kuliepuka.

Kwanza uelewe kwa nini maafisa wa kibali wanakuhoji sana. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika mvua za masika, bwawa la Patel lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuzoa nyumba zilizokuwa chini yake. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Lile nalo lilikuwa tuta la udongo, kama langu na kama lako. Kwa hiyo afisa akikuuliza nani anaishi upande wa chini, mjibu kwa makini, nyumba kwa nyumba.

Ofisi inayohusika ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ile WRA, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Nenda ofisi ya bonde lako, maana nchi imegawanywa kwa mabonde na mpaka wa bonde haufuati mpaka wa kaunti. Beba hati ya shamba. Kibali cha maji hufungamana na ardhi, kwa hiyo hati ikiwa bado ina jina la marehemu, malizeni mirathi kwanza. Mambo ya kitambulisho, PIN ya KRA na malipo unayajua.

Mhandisi

Hapa ndipo nilipoumia. Jirani alinitajia mtu aliyekuwa amechora mabwawa kadhaa ya eneo letu. Alikuja na vifaa vyake vya kupimia, akashinda siku mbili shambani, na baada ya wiki moja akaniletea michoro iliyopigwa rangi vizuri. Nikamlipa shilingi 85,000. Nilipoipeleka, afisa aliangalia ukurasa wa mwisho tu, akauliza namba ya usajili ya aliyetia sahihi. Haikuwepo. Mtu yule alikuwa mpima ardhi, hakuwa mtaalamu aliyepewa leseni ya kusanifu mabwawa. Nilirudi nyumbani na michoro yangu, na msimu wa kiangazi, ambao ndio wa kujenga, ukanipita.

Basi fanya hivi: kabla ya kulipa hata senti, omba WRA orodha ya wataalamu wenye leseni, chagua mmoja, kisha hakikisha leseni yake ni ya mwaka huu na inaruhusu mabwawa ya daraja lako. Kanuni za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. A lilikuwa lile lenye kina cha maji kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000. Kuanzia mita 15 za kina, au ujazo unaozidi milioni moja, lilikuwa C. Katikati lilikuwa B. Langu lilikuwa A kwa kina cha mita 4.2. Ile mita moja niliyotaka kuongeza ingelisukuma hadi B, lenye masharti mazito na gharama kubwa zaidi. Mpima yule hakuniambia. Mhandisi wa kweli aliliona siku ya kwanza, akanishauri niinue kwa nusu mita tu na kiasi kingine nikipate kwa kuchimbua tope lililojaa chini kwa karibu miaka thelathini. Ushauri huo peke yake ulirudisha ada yake.

Jambo lake la pili lilikuwa utoro, yaani ile njia ya pembeni inayotoa maji bwawa likijaa. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakishaanza kufurika mgongoni hulila kutoka upande wa chini, na baada ya hapo hakuna wa kuyazuia. Utoro wetu ulikuwa na upana wa mita mbili. Alikokotoa mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 50, akasema unatakiwa uwe mita saba, na kwamba bwawa likijaa lazima ibaki angalau mita moja kutoka usawa wa maji hadi mgongo wa tuta. Nilibishana naye kwa sababu ya gharama. Kisha akanipeleka utoroni akanionyesha wavu wa waya ambao mimi mwenyewe niliuweka ili tilapia wasitoroke mvua ikinyesha. Ulikuwa umeshika matete, chupa na matawi hadi nusu ya kimo chake. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeziba mlango wa dharura wa bwawa kwa ajili ya samaki wa vijana, na nyumba nne ziko chini yetu. Niliung'oa jioni ileile.

Aliamuru pia miti ya mikalitusi iliyoota kwenye tuta iondolewe. Mizizi hutoboa tuta, na mti ukifa mizizi huoza na kuacha njia ya maji. Mikubwa usiing'oe kiholela, mwache mhandisi aseme shimo litajazwa na kushindiliwa vipi. Juu ya tuta panda nyasi fupi tu.

Mazingira na majirani

Ripoti ya mazingira huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, naye pia mwulize leseni ya mwaka huu. Kwa michezo na wageni, mwambie mapema aandike idadi ya watu unaowatarajia, vyoo viko wapi na umbali wake kutoka majini. Mimi nilitaja ng'ombe tu, ripoti ikarudishwa iongezewe.

Sheria inataka wananchi washirikishwe kabla ya kibali kutolewa, na chama cha watumiaji maji cha mto wenu, WRUA, huulizwa maoni. Usingoje barua. Nenda kwenye mkutano wao, ueleze kwa mdomo utahifadhi maji kiasi gani na utaacha kiasi gani kipite wakati wa kiangazi. Mzee mmoja wa upande wa chini aliniambia, "Mwanangu, hatukatai bwawa, tunakataa kukauka." Tuliandikiana kwamba bomba la chini, lile la kutolea maji, litaachwa wazi kiasi fulani Januari na Februari, na pingamizi likaisha.

Ukipita hapo unapata idhini ya kujenga. Hiyo bado si kibali cha kutumia maji. Jenga kwa michoro ile ile, udongo umwagwe kwa tabaka nyembamba, uloweshwe na kushindiliwa kwa rola, mhandisi akiwepo. Piga picha kila tabaka. Mkimaliza, yeye hutoa cheti cha kukamilika, maafisa huja kukagua, na ndipo kibali hutoka. Usijaze bwawa na kualika watu katikati ya idhini na kibali.

Wageni majini

Niliamini kibao cha "Ogelea kwa hatari yako" kingetosha. Hakitoshi. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, Sura ya 34, inasema onyo peke yake halikuondolei lawama isipokuwa lilitosha kumfanya mgeni awe salama, na inakutaka utarajie kwamba mtoto hatakuwa mwangalifu kama mtu mzima.

Kwa hiyo nimezungushia ua, na ng'ombe wanakunywa kwenye birika lililo nje ya ua kwa bomba, ili mtoto anayechunga asiwe na sababu ya kushuka majini. Kuogelea ni upande mmoja tu, wenye mteremko mdogo, uliowekewa nguzo zenye alama za kina na kamba yenye maboya. Karibu na bomba la kutolea maji na utoroni hairuhusiwi kabisa. Kila mita ishirini kuna mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko vizuri na kuunganishwa na kamba ndefu: anayezama unamrushia, usimfuate ukiwa hujui kuokoa. Matete tumeyafyeka sehemu ya wageni, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho hupenda kujificha humo.

Boti za kukodisha, hata za makasia, ulizia leseni kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, maana kazi yake inafika hadi maji ya bara. Hakuna anayepanda bila jaketi la kujiokolea linalomtosha, na ya watoto nunua kwa saizi zao.

Wakati wa mvua nafunga geti. Kila asubuhi natembea chini ya tuta kwa daftari. Maji yakichuruzika yakiwa safi na kwa kiasi kile kile, naandika na kuendelea. Yakianza kutoka na tope, au yakiongezeka ghafla, nafungua bomba la chini, nampigia mhandisi, na kabla yake nazipigia zile nyumba nne. Namba zao zimeandikwa kwa rangi ndani ya mlango wa stoo, na mlinzi wa usiku anazijua kwa kichwa.