Tumbo Kujaa Gesi Kila Mara: Anzia Kwenye Sufuria ya Maharage

Maharage yana aina ya sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Inafika nzima kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na hapo ndipo gesi inapotokea. Sehemu ya sukari hiyo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuloweka kunasaidia kweli, mradi maji yale uyamwage.

Kikombe 1 cha maharage, tia maji vikombe 4, acha saa 8 hadi 12. Asubuhi ganda litakuwa limetanuka, halina mikunjo. Mwaga maji, suuza, bandika kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kisha punguza moto mpaka punje ibonyee kati ya vidole bila kiini kigumu. Wengi hukosea kwa kupikia maji yaleyale ya kuloweka wakihofia kupoteza ladha. Ladha utaipata kwenye kitunguu na tui la nazi. Kama hujazoea maharage, anza na vijiko 3 vya kulia, uongeze taratibu.

Bado tumbo linajaa? Acha maziwa kwa wiki 2 uone. Mtindi watu wengi huuvumilia zaidi. Soda huongeza gesi, na kula harakaharaka humezesha hewa. Ukishakula, tembea dakika 10, usilale.

Tumbo likijaa karibu kila siku kwa wiki 3, au ukiona unapungua uzito, unatapika au una damu kwenye choo, nenda hospitali, tafadhali usisubiri. Mwanamke aliyevuka miaka 50 awahi zaidi, maana saratani ya ovari (kiungo cha uzazi kinachotoa mayai) huweza kuanza hivyohivyo.