Farasi mchanga na kanta: ukimfukuza hajifunzi

Kila mtu mwenye farasi mchanga akinipigia simu swali ni lile lile, nimfanyeje aanze kukanta, na mimi namrudishia swali, troti yake ikoje? Hapo wengi wananyamaza. Troti ndio ule mwendo wazee wa pwani wanauita matiti (usicheke, ni Kiswahili safi), na kanta iko kati ya huo na shoti yenyewe, yaani zile mbio kamili. Sasa farasi ambaye troti yake haijakaa sawa, mara haraka mara anazubaa, kanta ataipata wapi?

Nilijifunza hii kwa aibu. Nilikuwa na jike wa miaka minne, upande wa Jinja huku Uganda kwenye miwa, nikawa namzungusha kwa kamba na kiboko kirefu nyuma, nenda nenda nenda, naye anaongeza troti tu, inakuwa ndefu, inakuwa mbaya, kichwa juu kama twiga, mpaka kwenye kona murram ilikuwa imelowa miguu ya nyuma ikateleza akaanguka kwa ubavu. Hakuumia, Mungu mkubwa, ila wiki mbili nzima akifika kona ile anakataa. Saisi (mtunza farasi) wetu mmoja mzee alikuwa amekaa pale anakata muwa, nikamuuliza, Mzee mbona huyu hataki? Akasema, mwanangu, huyo unamfukuza, humfundishi.

Elewa kwanza miguu inavyokwenda maana bila hiyo unabahatisha tu. Kanta ina mapigo matatu. Akienda mkono wa kushoto, mguu wa nyuma wa kulia unaanza, halafu wa nyuma kushoto na wa mbele kulia zinashuka pamoja, halafu wa mbele kushoto, kisha kidogo tu miguu yote iko hewani. Simama funga macho usikilize: pa-ta-ta, kimya, pa-ta-ta, kimya. Ukisikia mapigo manne yamechanganyika, amechoka au amepoteza balansi, rudisha troti. Ona pia kwamba ule mguu wa nyuma wa nje, yaani wa upande wa nje wa mduara, ndio unabeba kazi ya kuanza, yaani mwili wote unasukumwa na mguu mmoja, na mtoto wa farasi hana hizo misuli bado, ndio maana anaona rahisi kukimbia troti kuliko kuinuka.

Umri: mimi simpandi kabla hajafika miaka mitatu na nusu hivi, na hata hapo ni kazi nyepesi, maana mifupa ya mgongo inakomaa mwisho kabisa, karibu miaka mitano na nusu au sita, hata kama kwa macho anaonekana mkubwa. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wake, na kwa mchanga mimi napenda iwe chini ya hapo. Kijana mwenye kilo 95 atafute farasi mwingine.

Anza chini bila mtu mgongoni. Mduara uwe mkubwa, mita 20 upana, kaduara kadogo kanaua magoti. Mpe troti ya polepole, mpunguze mpaka atembee, troti tena, atembee tena, fanya hivo mpaka akusikilize kwa sauti peke yake, halafu siku moja akiwa ametulia sema neno lako la kanta, neno moja, lile lile kila siku, na uinue kiboko kidogo tu bila kumgusa. Akitoa hatua tatu za kanta, inatosha! Msifu, mwache arudi troti mwenyewe. Kesho atatoa tano. Akianza kukimbia ovyo ovyo usivute kamba kwa hasira, rudi kwenye troti ya polepole uanze upya.

Ukishampanda, vaa helmeti, na mfunge mkanda shingoni, ule wa ngozi wa kawaida. Kazi yake ni hii: akiruka mbele kwa ghafla wewe unashika mkanda, huning'inii kwenye hatamu ukampiga lijamu mdomoni, maana akiumia mdomo siku ya kwanza ataamini kanta ni adhabu. Omba kwenye kona akiwa tayari amejikunja, mguu wako wa ndani kwenye mkanda wa tumbo, wa nje nyuma kidogo, tumia neno lile lile alilolizoea kwenye kamba. Inua makalio kidogo umwachie mgongo. Akianza na mguu usio wake, yaani wa mbele wa nje unaongoza badala ya wa ndani, usimchape, hajakosea kwa makusudi, rudi troti, tuliza, omba tena kwenye kona inayofuata. Kama kila siku anakataa upande mmoja tu, au anatupa mateke kila ukiomba, acha mazoezi, kagua tandiko, mgongo, meno, kwato (za kukatwa kila wiki 6 hadi 8), muite daktari wa mifugo. Mara nyingi tunamwita mkaidi kumbe anaumwa.

Kwa hali yetu ya hewa, fanya asubuhi jua likishatoka lakini kabla halijawa kali, dakika 20 au 30 jumla, kanta mara mbili tatu kila upande, basi. Jioni giza likianza mrudishe bandani, vile visubi vidogo vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness) vinauma kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena kuanzia Septemba, murram ikilowa ni sabuni, tafuta kiwanja cha nyasi fupi au mchanga, au siku hiyo tembea tu.

Akishaweza mduara mzima pande zote mbili bila haraka ndio umtoe nje, nyuma ya farasi mzee mtulivu, na kanta ya kwanza iwe kupanda kilima kidogo, kilima chenyewe kitamfunga breki. Usikante kamwe mkielekea nyumbani. Hiyo kilomita ya mwisho mtembee, hatamu zimelegea, hata kama mawingu yamefunga na boda zote zinakimbilia kujikinga.