SOMO: Msumari wa jahazi ndani ya tumbawe, tunauonaje bila mistari?

Wadau, niliahidi kuelezea ule msumari tuliouokota Raskazone, ufukweni hapa Tanga, umeganda ndani ya tumbawe na kutu imeula mpaka umebaki kama kijiti cha kiberiti. Ukiupiga tomografia ya eksirei (eksirei za pande zote, kompyuta inazijenga kuwa picha ya ndani) kwa volteji moja, mistari inachomoka kwenye chuma pande zote. Kisa ni kwamba tyubu, yaani taa ya eksirei, inatoa fotoni (chembe za mionzi) za nguvu mchanganyiko, zile dhaifu zinaliwa mwanzo, zinazobaki zinapenya kirahisi, programu inahesabu uongo.

Dawa ni kupiga kwa volteji mbili. Kwanza pima spektra, yaani fotoni ngapi za kila nguvu zinatoka, meza ikiwa tupu bila msumari. Punguza mno ampea za tyubu, la sivyo fotoni zinaingia mbili mbili, ditekta (kipokezi cha eksirei) inazihesabu moja. Kwa tyubu ya tangsteni ukiwa 60 kV (volteji ya tyubu) utaona kilima laini tu, ukifika 140 kV vinachomoza vijipembe karibu na 59 na 67 keV (kipimo cha nguvu ya fotoni), ndio alama ya tangsteni yenyewe. Visipokaa hapo, kalibresheni yako (ulinganishaji wa ditekta) imelala, usiendelee.

Halafu skani mara mbili, 80 kV, kisha 140 kV ukiweka bati la shaba mbele ya tyubu lichuje zile dhaifu. Kitu kisisogee hata unywele! Mimi niliushikiza kwa plastisini, umeme ukakatika, AC ikazima, na joto la Tanga mnalijua, msumari ukainama taratibu, siku nzima bure.

Sasa utamu wenyewe. Kila mwale una vipimo viwili, kimoja cha kila skani, na mafumbo mawili: umepita chuma kiasi gani, tumbawe kiasi gani. Kisia, tumia spektra ulizopima uone ditekta ingesoma ngapi, rekebisha mpaka vipimo vyote viwili vikubali. Watafiti Alvarez na Macovski walionyesha njia hii 1976. Ndo ujenge picha, ya chuma peke yake na ya tumbawe peke yake.

MASWALI

— Mkuu si nijumlishe picha mbili nigawe kwa mbili yaishe?
Hapana, mistari imeshaingia kwenye picha, unaififisha tu. Unganisha vipimo kabla ya kujenga picha.

— Yangu imejaa chenga kama tivii ya zamani.
Spektra zako mbili zinalaliana sana, hazitofautiani vya kutosha. Ongeza unene wa shaba na muda wa kupiga.

— Hospitali nako wanafanya hivi?
Ndio, wanatofautisha mawe ya figo ya asidi ya yuriki na yale ya kalsiamu.

— Na kutu inaenda picha gani?
Zote mbili, chuma kingi na tumbawe kidogo kwa sababu ya oksijeni. Usishtuke, hakuna tumbawe pale.