Fomu ya maoni ya wodi si malalamiko, mimi nilijua nimechelewa

Mimi ni mtu wa Kisumu, niko Uingereza mwaka wa sita, na naandika hii ili yaliyonipata yasikupate. Nilipasuliwa tumbo nikalazwa siku nane. Usiku wa tatu nilibonyeza kengele, nikangoja karibu saa nzima, mwisho nikaamka mwenyewe kwenda choo nikaanguka na mshono ukafunguka. Siku ya kutoka nikapewa fomu ya kuuliza huduma ilikuwaje, kuanzia nzuri sana mpaka mbaya sana, nikatiki mbaya sana halafu nikajaza kila kitu mpaka nyuma ya karatasi. Nikaenda nyumbani kungoja kuitwa.

Nilingoja miezi 14 jameni.

Sikiza. Hiyo fomu inaitwa Friends and Family Test na haibebi jina lako, kazi yake ni kuhesabu wagonjwa wangapi wameridhika, hakuna anayelazimika kukujibu. Malalamiko ni yale unatoa kwa jina lako kwa hospitali yenyewe, na una miezi 12 tangu jambo litokee au tangu ulijue. Nilipoandika barua ya kweli nikajibiwa muda umeisha, na nilipoeleza kwamba nilidhani nilishalalamika kwa fomu hawakukubali. Narudia, ukishajaza fomu bado hujalalamika. Jaza ukitaka, lakini barua yako iende siku hiyo hiyo.

Ukiwa bado kitandani uliza ofisi ya PALS, ofisi ya hospitali ya kusaidia wagonjwa wenye shida au maswali, ni bure. Mkalimani pia ni bure, usimtumie mtoto wako. Ukituma malalamiko lazima wakuambie wameyapokea ndani ya siku 3 za kazi. Jibu lao lisipokuridhisha kuna Parliamentary and Health Service Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko, lakini huyo anataka uwe umemalizana na hospitali kwanza. Andika tarehe, saa, na jina la nesi, usiseme utakumbuka.

Kwetu ukilazwa pale Russia, ile hospitali kubwa ya Kisumu, shangazi yuko kando ya kitanda, yeye ndiye analeta uji, ndiye anaita nesi, na mambo yakikwama ndiye anaenda kusimama mlangoni kwa matron. Hapa saa za wageni zikiisha uko peke yako, na ukiulizwa ukajibu niko sawa kwa sababu ya heshima, wanaandika kwa faili uko sawa. Waingereza wenyewe hawapigi kelele wodini, wanasema asante na kutabasamu, halafu wanaenda nyumbani kuandika barua ya kurasa tatu. Mimi naona ni ubaridi, mtu ameumia mbele yako unangoja karatasi? Lakini hiyo karatasi ndiyo wanasikia.

Na nyinyi wa nyumbani, nawapenda, lakini mkiniambia nishukuru Mungu kwa sababu huko ningezuiliwa wodini juu ya bili, mnanifunga mdomo. Mama aliniambia hivyo na nikanyamaza miezi. Si bure mama, kwa viza tunalipa ada ya afya, siku hizi ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima.

Kama ulitoka wodini mwaka huu na kuna jambo, hesabu miezi yako leo.