Namna ya Kutoa Maoni Yenye Uzito Kuhusu Mradi wa Mto au Bwawa

Mkazi wa Mathare, Mukuru au Kibera jijini Nairobi anaposikia kwamba mto ulio karibu naye utapanuliwa au kujengewa kuta, kwa kawaida huitwa kwenye baraza la chifu, husikiliza, hutia sahihi, kisha hurudi nyumbani akiamini kwamba amekwisha kutoa maoni. Sahihi ile ni ya mahudhurio tu, ila karatasi yenyewe huweza kuambatanishwa na ripoti ya mradi kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Kwa hiyo, hakikisha kwamba hoja yako nayo imeingia kwenye faili.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kusimamia na kulinda mazingira, na Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za 2003 zinaeleza ushiriki huo ufanyweje. Mwenye mradi anapaswa kubandika matangazo mahali panapoonekana, kutangaza gazetini na redioni kwa wiki mbili mfululizo, kufanya angalau mikutano mitatu na watakaoathiriwa, na kutoa notisi wiki moja kabla ya kila mkutano. Ikiwa habari za mkutano zilikufikia asubuhi ya siku yenyewe, hiyo tayari ni hoja, na inafaa iwe ya kwanza katika waraka wako wa maoni.

Ripoti ya tathmini hiyo ikishawasilishwa, NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira, huchapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa na husomeka bure mtandaoni. Tangazo hilo hutaja ofisi ambako ripoti inaweza kusomwa, na huwapa wananchi siku 30 za kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Ukinyimwa nakala, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ni dhahiri kwamba siku 21 hula sehemu kubwa ya zile 30, hivyo ombi liandikwe siku ile ile unapoliona tangazo.

Ripoti za namna hii huwa nene, na anayeanza ukurasa wa kwanza huchoka kabla ya kufika penye jambo. Anza na ramani, uone kama mtaa wako umo au umeachwa nje. Kisha soma sura ya njia mbadala, kwa sababu ndipo unapoweza kuuliza kwa nini ukuta wa zege umependelewa kuliko kuuachia mto nafasi ya kufurika. Malizia na mpango wa usimamizi wa mazingira, unaopaswa kusema ni nani atakayefanya nini, lini, na kwa fedha kiasi gani.

Katika kuandika, taja ukurasa, eleza kasoro, kisha sema unachotaka kibadilishwe. Ushahidi ambao mhandisi hana, nawe unao, ni alama ya maji ukutani. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 huzuia ujenzi katika ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, kwa hiyo picha ya alama ya mafuriko ya 2024, yenye futi ya kupimia, tarehe na mahali, ina nguvu kuliko kurasa tano za manung'uniko. Lakini ushahidi huo huo unaweza kuupanua ukanda hadi mlangoni kwa jirani, kwa hiyo kubalianeni kwanza kama wakazi, na mdai katika waraka huo huo mpango wa kuwahamisha watu kwa utu kabla ya tingatinga kufika.

Mabwawa yana ugumu wa pekee, kwa kuwa maji ya Nairobi hutoka mbali. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, liko Murang'a, na handaki la Northern Collector hupeleka huko maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Mnywaji wa maji hayo ana haki ya kutoa maoni kama mkulima wa huko, na swali la maana kwa wote wawili ni kiasi gani cha maji kitabaki mtoni wakati wa kiangazi. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na ya viumbe wa mtoni. Ombeni kiasi hicho kiandikwe kwa tarakimu ndani ya masharti ya leseni ambayo NEMA huutolea mradi.

Peleka NEMA nakala mbili za waraka wako, moja ubaki nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa bila hoja zako kujibiwa, una siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Iwapo haki ya mazingira safi yenyewe imevunjwa au iko hatarini, Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au madhara.