Somo: Kibali cha kumwaga tope la gati baharini, England

Wengi wakipata kazi ya kuchimba tope la gati hukimbilia fomu ya leseni. Mimi nilifanya hivyo kazi yangu ya kwanza, nikarudishwa mwanzo.

1. Jiulize kama ni lazima limwagwe baharini. Itifaki ya London ya 1996 inakataza kutupa kitu chochote baharini, ila vilivyo kwenye orodha yake fupi. Tope la bandarini limo. Hata hivyo utatakiwa kuonyesha kwamba huna pengine pa kulipeleka, kama kujaza ufuo au kujenga tuta. Usiandike tu "haiwezekani". Weka gharama na umbali.

2. Omba mpango wa sampuli kwa MMO, mamlaka ya bahari ya huku. Wao ndio watakaokwambia uchote wapi na kina gani. Kwa kawaida, hadi meta za ujazo 25,000 ni vituo 3. Zaidi ya hapo hadi 100,000, ni 4 mpaka 6.

3. Chota. Hapa ndipo kazi huharibika. Ndoo ya makucha ikipanda na kijiwe kimebana kwenye meno, maji yanavuja na kuondoka na lile tope laini, jeusi, linalonuka yai viza. Na sumu hukaa humo kwenye laini! Mwaga, shusha tena, hata kama nahodha ananuna.

4. Peleka maabara iliyokubaliwa na MMO, si yoyote ile. Kila sumu ina viwango viwili, cha chini na cha juu: zebaki 0.3 na 3, shaba 40 na 400, miligramu kwa kilo ya tope kavu. Chini ya cha kwanza kwa kawaida hupati tabu. Juu ya cha pili, sahau bahari. Katikati ndiko kwenye mabishano.

5. Sasa jaza fomu. Taja eneo la kumwagia lililokwisha kutengwa. Kuomba jipya ni safari nyingine ndefu. Tangazo kwa umma huchukua siku 28.

Maswali

— Kaka, gati letu ni safi, hakuna kiwanda karibu. Bado tupime?
Pimeni. Kama meli zilikuwa zikipakwa rangi hapo, tafuteni TBT, dawa ya kuzuia chaza kuganda. Imepigwa marufuku kimataifa tangu 2008, lakini topeni bado ipo.

— Nina boti kuukuu. Naweza kuomba kuizamisha?
Hapana. Kwa nchi za OSPAR, mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini-mashariki, Uingereza ikiwemo, ruhusa ya kutupa meli baharini iliisha mwishoni mwa 2004. Itafutie wavunjaji nchi kavu.

— Na sisi wa Mombasa?
Kenya nayo imo kwenye Itifaki, kwa hiyo hoja ya hatua ya 1 itakufuata. Anzia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kwa tathmini ya athari kwa mazingira.

— Tukimwaga usiku kidogo kidogo, nani atajua?
Huku England, kwa sheria ya bahari na pwani ya 2009 ni faini, au jela hadi miaka 2, au vyote. Swali hilo usilirudie mbele ya mteja.