Kupanda ngazi katika kampuni ya uwekezaji binafsi: anza na umri wa mfuko

Kabla ya kuhesabu miaka yako kazini, hesabu miaka ya mfuko, yaani fedha za wawekezaji ambazo kampuni hukusanya ili kununua kampuni nyingine. Mfuko wa kawaida huishi miaka 10: takriban 5 ya mwanzo ni ya kununua kampuni, iliyobaki ni ya kuzikuza na kuziuza. Mishahara hulipwa na ada ya uendeshaji, mara nyingi karibu asilimia 2 ya mtaji kwa mwaka, kwa hiyo nafasi za juu huongezeka pale mfuko mpya, mkubwa zaidi, unapopatikana. Usipopatikana, hata mchapakazi hodari hukwama, na sababu atakayopewa huenda ikawa nyingine kabisa.

Kwenye usaili uliza mambo matatu: mfuko wa sasa ulianza mwaka gani, kiasi gani kimeshawekezwa, na ni wangapi kati ya mameneja na wabia walioanzia ngazi ya chini humo humo. Swali la tatu likizungukwazungukwa, umeshajibiwa.

Majina ya vyeo hutofautiana, lakini ngazi huwa hivi: mchambuzi, mchambuzi mwandamizi, meneja wa dili, mkurugenzi, mbia. Kila hatua huchukua kama miaka 2 hadi 4. Baadhi ya kampuni huajiri wachambuzi kwa miaka 2 tu, kisha huwaachia waende zao. Lijue hilo kabla ya kusaini.

Ngazi za chini hupimwa kwa hesabu, na hesabu isiyo na maelezo haitoshi. Chukua kampuni yenye faida ya uendeshaji ya milioni 10, iliyonunuliwa kwa mara 8 ya faida hiyo: milioni 80, nusu mkopo, nusu mtaji. Baada ya miaka 5 faida ni milioni 14, deni limeshuka hadi 20, na inauzwa kwa mara 8 zile zile, yaani milioni 112. Toa deni, zinabaki 92: mtaji umezaa mara 2.3, karibu asilimia 18 kwa mwaka. Mchambuzi wa kawaida huishia hapo. Anayepandishwa huongeza kwamba kati ya faida ya milioni 52, 32 zimetokana na biashara kukua na 20 na kulipa deni, kisha huonyesha kinachotokea mauzo yakichelewa miaka 2 au bei ikishuka hadi mara 7. Kosa linalowaangusha wengi ni kupandisha bei ya kuuzia ili jedwali lipendeze. Kamati ya uwekezaji huliona mara moja.

Kwenye umeneja mizani hubadilika. Sasa unatazamwa kama unaweza kuendesha dili bila kusukumwa, kuwabana wanasheria na mabenki, na kusikilizwa na mkurugenzi mtendaji wa kampuni mliyoinunua. Anayeendelea kujifungia na majedwali, kwa sababu ndiko alikosifiwa, hudumaa hapo. Omba mapema kuhudhuria vikao vya bodi, hata kama ni kuandika kumbukumbu tu.

Ukiahidiwa mgao wa faida, uliza pointi, yaani asilimia utakazopewa wewe, zinahesabiwa kwa msingi upi. Kwa kawaida kampuni huchukua asilimia 20 ya faida, baada ya wawekezaji kupata kiwango cha chini, mara nyingi asilimia 8 kwa mwaka. Faida ikiwa milioni 100, fungu la kampuni ni milioni 20. Pointi 1 kati ya 100 za fungu hilo ni laki 2. Pointi 1 ya faida yote ni milioni 1. Uliza pia haki hiyo hukomaa kwa miaka mingapi, maana anayeondoka mapema huacha sehemu mezani.

Ukisikia “mwaka ujao” mara ya pili ilhali mfuko mpya umeshapatikana, anza kutafuta kwingine. Andaa orodha ya dili ulizofanya na sehemu yako katika kila moja, ila faili za kampuni usiziguse.